Asiambiwe Akiwa Juu ya Baiskeli

Jumamosi, 26 Septemba 1998

Miguu inawaka moto na nina hasira na Method. Tumetoka Georgetown asubuhi, tukafuata njia ya mfereji mpaka White's Ferry, halafu tukapanda Sugarloaf mara mbili. Mara mbili! Ya pili kwa amri ya mwenyekiti. Eti milima ya Japani haina mchezo. Mtu mwenyewe yuko nyuma kabisa, kitambi kinagusa usukani, na bado anatoa amri.

Mwenyekiti! Watu wanne tunakwenda kuendesha baiskeli Japani wiki ijayo, tayari tuna kamati. Ta Method (sisi Wahaya mzee tunamwita Ta) ndiye mwenyekiti, kama alivyo mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa, wa harusi zote na wa misiba yote. Jepkosgei katibu. Akinyele ni mambo ya ufundi na lugha, kwa sababu aliwahi kufundisha Kiingereza huko Nagano na Kijapani anakijua. Mimi mjumbe. Mjumbe peke yangu! Yaani kamati nzima kazi yake kuniongoza mimi. Tumefanya kikao kwenye maegesho, helmeti kichwani, jua la utosi. Ajenda ya kwanza: pasipoti na tiketi zote zitakaa kwa mwenyekiti. Nikauliza kwa nini. Method akasema ndivyo misafara inavyoendeshwa. Jepkosgei akaandika. Ikapita.

Na huyo Jepkosgei naye. Kazi yake maabara hapa hapa Gaithersburg, kwao Kapsabet, Kenya, mapafu yote ya dunia kapewa yeye. Anapanda huku anapiga stori. Mimi nahema, yeye ananiambia, "Aki Dorothea, hii ni kamlima tu." Nilitaka kumtupia chupa ya maji.

Lakini nitakwenda. Tangu nije Marekani hii sijaenda popote kwa raha yangu. Kazini, kanisani, dukani, msibani. Basi. Mara moja tu niende mahali kwa sababu nimepataka.

Jumatatu, 28 Septemba

Nimeongea na Mama. Fredy alimleta mjini Bukoba, dukani kwake kwenye simu — kutoka kijijini Kanyigo mpaka mjini, mgonjwa, kwenye pikapu! Nikamfokea Fredy. Mdogo wangu huyu hana akili. Akasema Mama mwenyewe ndiye aliyelazimisha.

Sauti imekuwa ndogo. Anasema yuko salama, ni miguu tu imevimba, na usiku analala ameketi. Mimi nesi. Miguu imevimba na analala ameketi — naijua hiyo, ni moyo unaoshindwa, naiona wodini kila wiki. Nikamwambia naahirisha Japani, nakuja huko. Akanikemea kama nina miaka saba. Nenda, anasema, ukaone, halafu Krismasi uje unisimulie. Mambo ya kunijia na uso wa msiba nikiwa hai sitaki.

Jioni nikamkalisha Clement jikoni. Nikazima televisheni. Nikamwambia: mume wangu, nisikilize. Mama anaweza kuondoka wakati wowote. Likitokea lolote, niambie siku hiyo hiyo. Piga simu hoteli, tuma faksi, mtume polisi. Usinifanyie walivyomfanyia mwenzetu Sikujua.

Maana Sikujua mwaka jana alifiwa na mama yake Songea, wakamwambia aje kwenye kikao cha harusi. Kaja na suti! Na tai! Anafungua mlango, anakuta masofa yametolewa, magodoro chini, watu wanaangua kilio. Siku tatu nzima watu wote Maryland walikuwa wanajua isipokuwa yeye. Eti habari ya kifo mtu haambiwi akiwa peke yake, wala njiani, wala kwa simu. Aambiwe amekaa, amekula, ameshikwa. Kazini kwangu daktari anavuta kiti, anasema amefariki, anasema pole. Sipendi uso wa yule daktari, lakini angalau anasema!

Clement akasema, "Mama Jackie, mimi si mtu wa hivyo. Naapa." Nikamwapisha kwa jina la mtoto. Akaapa.

Ijumaa, 2 Oktoba

Uwanja wa ndege wa Dulles. Boksi la baiskeli ya Method halikufungwa vizuri, pamoja na yote aliyotufundisha! Utepe wa gundi umeisha, tumelifunga kwa khanga yangu. Jackie ananiaga kwa Kiingereza, namjibu Kiswahili, ndiyo kawaida yetu. Clement kanishika mkono muda mrefu. Nikamkumbusha. Akasema, "Nimekusikia, nimekusikia."

Jumapili, 4 Oktoba

Matsumoto, Japani. Usingizi umeniruka. Tumefunga magurudumu mbele ya stesheni, watu wanapita wanatutazama na kuinama. Pedali yangu ya kushoto haiingii. Akinyele akaja, "Dada, niruhusu nikusaidie tafadhali." Kiswahili chake cha chuoni, kimepigwa pasi. Mmarekani mweusi wa Bladensburg, anaongea kama mtangazaji wa redio. Namcheka, lakini pedali imeingia.

Jumatatu, 5 Oktoba

Mahandaki! Hakuna aliyeniambia kuhusu mahandaki. Barabara inaingia ndani ya mlima, giza, hakuna pembeni pa kukimbilia, na malori yanakuja nyuma yananguruma mpaka meno yanagongana. Nimelia ndani ya handaki la pili, kwa hasira, si kwa woga. Labda na woga. Tumetoka upande wa pili, Method kawa wa kijivu, midomo imemkauka, anasema, "Tuko wote?" Anatuhesabu. Watu wanne!

Lakini mto uko chini, kijani. Mpunga umevunwa, wameutundika kwenye vijiti mafungu mafungu. Saa kumi na moja jioni vipaza sauti vya kijiji vikapiga wimbo, bonde zima, kuwaita watoto warudi nyumbani. Nikasimama. Nimependa hilo sana.

Tumelala nyumba ya bibi mmoja anayepokea wageni. Mfupi, mgongo umepinda, anachapa kazi peke yake. Kaniona natembea na ndara za chooni sebuleni, kapiga kelele, kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe choo kina ndara zake. Nimemfikiria Mama siku nzima.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimepanda Nomugi! Mimi! Sikusukuma hata hatua moja. Gia ya mwisho, kichwa chini, natukana kwa Kihaya kila kona — natukana mlima, namtukana Method, namtukana na mkuu wa zamu wodini, nilimaliza wote. Juu kabisa baridi, ukungu, na ghafla ukungu ukafunguka na milima ikawa imesimama pande zote. Jepkosgei alikuwa amefika zamani, amekaa anakula tunda. Akanivulia kofia. "Leo umekuwa Mkalenjin," akasema.

Method alifika wa mwisho, anasukuma, anaimba wimbo wa Bikira Maria. Tukampigia makofi. Na yeye na mimi kijiji kimoja, Mama alimfundisha darasa la kwanza, alishawahi kumchapa. Akasema angekuwepo hapa mwalimu angetuambia tuteremke tukalime.

Leo sina hasira na mtu.

Jumatano, 7 Oktoba

Takayama. Tumeteremka saa nzima bila kukanyaga pedali, machozi ya upepo. Mji mzuri, nyumba nyeusi za mbao. Jioni Method alikwenda kwenye simu ya mtaani kuripoti nyumbani, ndiyo kazi ya mwenyekiti. Alikaa sana. Nikataka kwenda na mimi kuongea na Clement, akarudi, akasema kadi imeisha na laini ni mbaya. Hakunitazama. Akawaita Jepkosgei na Akinyele nje, eti wakaangalie breki yake. Breki gani inayotazamwa na watu watatu?

Wakati wa chakula kanipa samaki wake. Ta Method, kugawa samaki! Nikamuuliza anaumwa? Akasema ameshiba.

Alhamisi, 8 Oktoba

Safari imevunjwa!

Asubuhi nashuka, nimeshavaa, nimejaza maji, nawakuta wamekaa mstari mmoja kama wazee wa baraza. Method akakohoa. Kamati imekaa. Kimbunga kinakuja. Kamati imeamua turudi Marekani. Tiketi zinabadilishwa.

Kimbunga! Nikafungua mlango wa karatasi. Mbingu bluu, hakuna hata wingu la kusingizia! Nikawaambia njooni mkione kimbunga chenu kinaota jua. Mwenye nyumba akaja kuangalia kelele ni za nini, nikamwonyesha angani kwa mikono, mvua? upepo? Akacheka, akatikisa kichwa. Televisheni ilikuwa inawaka nyuma yake: ramani nzima ina vijua vya njano. Method akaitazama. Akasema, "Hizo picha za jana."

Nikamgeukia Akinyele. Wewe Kijapani unakijua, sema, kuna kimbunga? Akainamisha kichwa. "Dada, uamuzi wa kamati tuuheshimu." Jepkosgei alikuwa ananikunjia nguo. Nguo zangu! Amezifua, amezianika, anazikunja, na macho mekundu. Nikamwambia weka chini soksi zangu. Akaweka.

Nimewatukana. Nimesema nimefanya mazoezi tangu Aprili, nimebadilishana zamu na nusu ya hospitali, nimemwacha mama mgonjwa kwa ajili ya safari hii, na nyie waoga mnakimbia jua! Nikasema Method amechoka miguu, aseme amechoka, asisingizie hali ya hewa. Kwa kawaida angewaka. Mtu huyu akiguswa uenyekiti wake anawaka. Leo akasema tu, "Sawa, mwanangu. Nitukane tu."

Mwanangu?

Jioni nimekwenda kuoga kwenye maji ya moto. Wanawake huku, wanaume kule, katikati ukuta wa mbao usiofika juu. Nikasikia mtu upande wa pili analia. Analia kwa kujizuia, anamwaga maji kwa kata ili asisikike. Najua kikohozi kile, ni Method. Nikafikiri, loo, nimemwambia maneno makali mno mzee wa watu. Nikaona vibaya. Halafu nikakumbuka kimbunga, hasira ikarudi.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimetoka peke yangu asubuhi nikapiga simu nyumbani, kule ni jioni. Akapokea Edna. Edna ana nini nyumbani kwangu? Si rafiki yangu hivyo. Yeye ndiye wa kamati ya chakula ya jumuiya, anakuwepo penye sufuria kubwa. Nikasema mpe simu Clement. Akasema, "Clement? Ametoka kidogo, kaenda kununua sahani za karatasi." Kisha haraka haraka, "Za, za Jackie, za shule." Na nyuma yake watu. Watu wengi. Mtu anaburuta sofa. Na mwanamke anaanzisha wimbo, na mwingine anamwambia shhh.

Nikakata.

Nimekaa kwenye ukingo wa barabara na baiskeli imelala. Najua wimbo ule unaimbwa lini.

Nikarudi. Method alikuwa anapakia mizigo kwenda stesheni. Nikamwuliza mbele ya wote: Mama amekufa? Rangi ikamtoka. Akasema, "Hapana! Nani kakuambia? Mama ni mgonjwa, yuko hospitali, Clement ameshakata tiketi, Jumapili mnaondoka wote wawili." Apa. Akaapa! Kwa mkono juu!

Basi nipe pasipoti. Kama ni mgonjwa naanzia hapa hapa, natoka Nagoya mpaka Entebbe, navuka Mutukula, Kanyigo iko pale. Kwa nini nizunguke dunia nzima nirudi Maryland ndipo nianze kwenda? Ramani mnaijua nyie? Akasema, "Peke yako? Na moyo huo? Nani atakushika njiani?" Nikasema sihitaji kushikwa. Akafunga kimkoba chake cha tumboni, mikono yote miwili juu yake. Nilikaribia kumrukia. Mwanamke mzima, mbele ya stesheni, nimkabe mzee wa watu, na Wajapani wanapita wanainama.

Nikamfuata Akinyele. Nikamwambia wewe umezaliwa Marekani, kwenu watu wanaambiana. Niambie. Akawa na machozi. Akasema, "Dada Dorothea, si mahali pangu. Mila ni mila." Mila ya nani? Umeisoma kitabu gani? Sisi tuliozaliwa nayo tunatamani kuikimbia, wewe umeikumbatia kama cheti! Jepkosgei alikimbilia chooni na hakutoka mpaka treni ikafika.

Kwenye treni nimewaza. Mtu anaapaje uongo hivi? Labda ni mgonjwa kweli. Labda wanaimba kumwombea. Sahani ni za maombi. Nimeamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Kutoka Nagoya nilipiga dukani kwa Fredy, huko ni saa nne asubuhi. Inaita, inaita. Duka la Fredy halifungwi siku ya kazi, hata harusi yake alifungua.

Jumamosi, 10 Oktoba. Nagoya, uwanja wa ndege

Mjapani wa tiketi ameambiwa kabla yangu.

Nimeandika hivyo ili nisome tena. Dada mdogo, glavu nyeupe, nywele zimebanwa. Method alikuwa ameziacha tiketi mezani hapo, amekwenda kupima maboksi ya baiskeli. Dada akachukua tiketi yangu, akasoma kitu kwenye kompyuta, akasimama. Akatoka nyuma ya meza. Akainama mpaka kichwa kikafika kiunoni. Akasema kwa Kiingereza, polepole, pole sana kwa kufiwa na mama yako mzazi.

Hivyo. Wazi. Mbele ya foleni.

Kumbe ili wabadilishiwe tiketi bila matata, Method aliwaambia shirika la ndege kwamba kuna msiba. Kompyuta inajua! Mtu wa mizigo anajua! Mama yangu amekufa, dunia nzima imeshapewa habari mpaka mashine, bado mimi!

Sikulia. Nikamwuliza dada kama kuna ndege ya kwenda Afrika Mashariki. Akaenda kwenye kompyuta, akaandika sana, akanitazama kwa huruma. Ilikuwepo jana jioni, kupitia Bombay. Nyingine Jumatatu. Jana! Jana jioni nilikuwa hoteli, kilomita chache kutoka hapa, natafuna wali, na Method amelalia pasipoti yangu.

Akarudi, akatuona tumesimama, akajua. Akafungua mdomo. Nikamwambia usiseme neno. Siku zote ulizokuwa nalo hukulisema, sasa lishike. Limeze. Akasema, "Ulikuwa juu ya baiskeli, Dorothea. Yale malori. Yale mahandaki. Nikuambie uende ukajirushe? Na mimi yule alikuwa mwalimu wangu." Na akalia hadharani, mzee mzima, machozi mpaka kwenye kitambi. Ningeweza kumshika bega. Sikumshika.

Tunaitwa kupanda.

Jumamosi, 10 Oktoba bado. Gaithersburg, chumbani

Siku hii haiishi. Tumeondoka Jumamosi asubuhi, tumefika Jumamosi mchana.

Clement kanipokea Dulles, shati jeusi. Akanikumbatia. Nikangoja. Akasema, "Pole na safari." Nikangoja. Tukaingia kwenye gari. Akaniambia habari za trafiki. Akaniambia Jackie amepata A ya hesabu. Barabara nzima mpaka nyumbani namtazama shavu lake, nasema moyoni, sema. Sema sasa hivi, nitakusamehe. Tumefika taa ya mwisho. Akawasha indiketa.

Magari yamejaa mpaka kwenye majani ya jirani. Viatu mlangoni rundo. Ndani masofa hayapo, magodoro chini, akina mama wamefunga khanga, sufuria la pilau jikoni. Nilipoingia wote wakasimama. Hakuna aliyelia! Wamejikaza, nyuso zimevimba, wote kwa pamoja wananiambia pole na safari. Edna akaja na chai na chapati. "Kula kwanza." Hata Sikujua yuko, kakaa pembeni, anaangalia zulia. Hata yeye! Nikamwuliza Clement kwa sauti, mbele ya wote, kuna nini hapa? Akanionyesha godoro. "Kaa kidogo, Mama Jackie. Kula. Tunamsubiri Father. Amekwama kwenye foleni, barabara ya 270."

Amekwama kwenye 270! Mama yangu hawezi kufa mpaka gari la Father lipate njia!

Nikapanda juu. Akina mama wawili wakanifuata, ili nisijidhuru, nikawafungia mlango.

Na simu ya kitandani ikaita. Nikapokea mimi. Fredy. Huko ni usiku wa manane, sauti yote imekwisha. Akasema, "Dada, uko wapi? Umefika Entebbe?"

Nikamwambia niko Gaithersburg.

Akasema hakuna mtu aliyefikiria nitarudi Marekani. Clement aliwaambia tangu Jumatano kwamba ninakuja, na wao wanajua niko Japani, wakajua ninatokea huko huko. Ametuma gari Entebbe jana. Ametuma tena leo. Kijana amesimama pale na jina langu kwenye karatasi, kila ndege. Mama wamemtoa hospitali jana kwa sababu waliamini nitakuwa nimefika. Yuko sebuleni kwake. Watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Kaburi liko tayari, wazee wa ukoo walitaka kuzika leo, Fredy amewapigia magoti, akasema dada yuko njiani. Wamempa mpaka kesho asubuhi.

"Sasa dada," akasema, "tusubiri au tuzike? Nijibu wewe. Mimi siwezi kusema hilo neno mbele ya watu na wewe upo."

Nikasema nipe dakika niulize ndege. Akasema yuko dukani mjini, wazee wanangoja arudi na jibu, atapiga tena.

Nimeuliza. Clement hajui kama ninajua, amenijibu kupitia mlangoni, amefurahi kwamba ninauliza kitu: tiketi zipo, kesho jioni, kupitia Amsterdam, sote wawili, Edna amepanga kila kitu. Kesho jioni. Entebbe Jumatatu usiku. Mpaka wa Mutukula unafungwa usiku. Kanyigo Jumanne mchana. Mama yuko sebuleni tangu jana, na ni joto, na mimi ni nesi, sihitaji mtu anieleze.

Na wamefanya haya kwa upendo. Ndicho kinachoniua! Kila mtu pale chini amelala kwenye zulia langu tangu Jumatano. Wameacha zamu zao. Wamepika, wameimba, wamemlaza Jackie, wamenisubiri ili nisisikie nikiwa peke yangu. Wamepanga watu wa kunishika kulia na kushoto. Hakuna hata mmoja, wenye digrii zao, aliyesimama akasema jamani, Japani na Bukoba viko upande mmoja.

Clement ana digrii mbili. Aliapa kwa jina la mtoto.

Neno lenyewe ni moja. Zikeni. Nimejaribu kulisema kwa sauti hapa kitandani, nijizoeze. Halitoki. Limetoka mara moja, limetoka kama kikohozi.

Nikimwambia asubiri, nitamkuta Mama katika hali ambayo yeye asingetaka mtu yeyote amwone. Mwanamke aliyekuwa anapiga pasi hata leso. Nikimwambia azike, nitakuwa nimemzika kwa simu.

Gari limesimama nje. Milango inafungwa. Nasikia sauti ya Father sebuleni, anaomba radhi kwa kuchelewa, na Method anamwelekeza ngazi. Amefika na yeye, moja kwa moja kutoka uwanjani, amekuja kuendesha msiba. Wanapanda. Wengi. Edna anasema mleteni maji, mleteni khanga. Mtu ameshaanza kulia kabla ya zamu yake, wanamnyamazisha.

Wako mlangoni. Wanakohoa.

Simu imeanza kuita.

Clement anagonga taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Mama Jackie, usiipokee hiyo kwanza. Kuna jambo tunataka kukuambia."